Fomu Uliyokataa Kuijaza

Tezo, Jumamosi alasiri

Nyevu mwanangu,

Umetoka saa nane kwenda Jilore kumuaga shangazi yako, na mamako amekwenda sokoni kukutafutia begi la pili, kwa sababu la kwanza amelijaza mpaka zipu imekataa. Nimebaki mimi na kuku. Nimekaa kwenye meza ya kulia chakula, miwani usoni, na nimeshachana karatasi mbili. Babako hajazoea kuandika mahali pasipo na visanduku vya kujaza.

Sitakwambia ule nini wala ulale wapi. Mamako ameshayasema hayo, mengine mara mbili, na lile la chandarua nadhani limefika mara ya nne. Mimi nina jambo moja tu, nami nimelizunguka kwa wiki tatu.

Juzi nilikuwa napita nyuma ya jikoni na ndoo, nikakusikia ukimwambia mamako, "Baba kanitafutia kazi ya mbali ili asinione." Ukweli wenyewe mamako haujui, maana hata yeye simwambii kila kitu. Nami nikarudi nilikotoka na ndoo yangu tupu. Kesho asubuhi unapanda basi kwenda bara, kwenye bwawa lile, kazi yako ya kwanza ya mshahara, na unaondoka ukiamini kwamba babako amekufukuza kwa adabu. Siwezi kukuacha uende na jambo hilo moyoni.

Najua umelitoa wapi. Tangu Alhamisi ile ya kalvati, lile daraja dogo la Jilore, unaniamkia kila asubuhi, "Shikamoo baba," nami naitikia marahaba huku natazama kikombe. Chai nimekunywa, neno sikutoa. Mtu mzima kununa wiki tatu ni aibu, na mimi nimenuna kwa bidii.

Lakini kabla ya kalvati nataka nikupeleke Ganze. Hadithi hii huijui, na mamako anaijua nusu.

Ulikuwa hujaanza kutembea. Kulikuwa na zahanati ndogo ikijengwa huko, nami kwa mara ya kwanza nikaachiwa mizani na fomu peke yangu. Miaka yote ya nyuma nilikuwa mtu wa kumwaga maji mbele ya rola, shati limelowa, jina langu halijulikani. Sasa nikawa na meza, na kiti, na kalamu mfukoni. Nilikuwa nikipita sokoni na ile kalamu hata Jumapili. Cheka tu, mamako alicheka kabla yako.

Kazi yenyewe unaijua kuliko mimi sasa, lakini niache niieleze kama ninavyomweleza shangazi yako, kwa sababu nikiieleza polepole ndipo kosa langu linapoonekana. Udongo umemwagwa, umetiwa maji kiasi, rola limepita na kurudi. Kwa macho huwezi kujua kama umeshikana. Basi unachimba shimo dogo na kuupima uzito udongo uliotoka. Halafu shimo lile unalijaza mchanga maalumu, mkavu, wa chembe za ukubwa mmoja, ili kiasi cha mchanga ulioingia kikwambie shimo lilikuwa kubwa kiasi gani. Udongo mwingi ukitoka kwenye shimo dogo, umeshikana. Udongo kidogo ukitoka kwenye shimo kubwa, rola lirudi kazini. Hivyo basi kila kitu kinategemea mchanga kusema kweli.

Mchanga wangu ulikuwa gunia moja, umeletwa kutoka Mombasa. Siku moja mbuzi wa jirani walilivamia, likapasuka, na kilichobaki kikachanganyika na vumbi na mavi ya mbuzi. Jambo dogo. Ningemwambia injinia wa wakati ule, angeagiza gunia jingine, na pengine tungecheka. Sikumwambia. Niliogopa aone kwamba mtu aliyepewa meza jana leo ameshindwa na mbuzi. Jumapili nikashuka Malindi, nikachota mchanga ufukweni, mweupe, mzuri wa kutazama. Nikauchekecha kwa chekeche lilelile la kazi, nikaukausha kwenye karai juu ya moto, nikaupima tena na tena. Ukatiririka vizuri mpaka nikajipongeza.

Kitu kimoja sikufanya. Sikuuosha. Ganze ile, kina mama walitoka alfajiri na madumu, wakarudi jua likiwa utosini. Niwaombe maji ya kuoshea mchanga? Wangeona nimerukwa na akili, na mimi mwenyewe niliona ni dhambi. Nikasema mchanga ni mchanga. Mtu wa bara angesubiri gunia la Mombasa. Mimi mtoto wa pwani niliona bahari nzima imejaa, ya nini kusumbua watu.

Chumvi huvuta maji kutoka hewani, Nyevu. Mchana huoni kitu. Alfajiri umande ukishuka, ule mchanga kwenye ndoo ulikunywa, nami nilipima mapema kabla ya jua kuwa kali, kwa vile nilijiona mtu wa bidii. Mchanga wenye unyevu hautiririki. Unashikana, unaacha mapengo, shimo linaonekana limejaa kabla halijajaa. Shimo kubwa likahesabiwa dogo, na udongo mlegevu ukafaulu. Tena ulifaulu kwa alama za kujivunia.

Dereva wa rola alikuwa Mutua, Mkamba wa Kibwezi, mtu mpole mwenye kofia ya sufu hata wakati wa joto. Siku ya tabaka la mwisho alizima rola, akashuka, akanijia mezani. Akaniambia, "Karisa, hii kona ya huku bado. Mimi nasikia kwa kiti." Alikuwa na maana kwamba udongo ulioshikana humrudishia dereva mtikisiko mgongoni, na ule haukurudisha kitu. Nikamgeuzia fomu aione. Nikamwonyesha kwa kidole, asilimia tisini na saba, wakati tulitakiwa tisini na tano. Nikamwambia kiti hakina asilimia. Wenzangu wakacheka, na mimi nilipenda walivyocheka.

Mvua za masika zilipokuja, sakafu ya chumba cha kujifungulia ikakaa upande. Ukuta ukapasuka kutoka dirishani hadi chini. Chumba kikafungwa kabla hakijapokea mama hata mmoja, na waliokuwa wakikingoja wakaendelea kutembea mwendo ule ule wa zamani na matumbo yao.

Wakubwa wakaja kutafuta aliyekosa. Fomu zangu zilikuwa safi, kila sahihi mahali pake. Ikasemwa kwamba nilipopima palikuwa pazuri, na kwamba dereva hakupitisha rola vizuri pale nisipopima. Wakati wanasema hivyo mimi nilikuwa nimeshajua. Asubuhi ile nilikuwa nimeinamisha ndoo ya mchanga na ukatoka bonge zima, ukabaki na umbo la ndoo. Niliuonja. Nikasimama pale na chumvi ulimini, nikasikia jina la Mutua likitajwa, nikanyamaza.

Mutua alipofukuzwa hakugombana na mtu. Alikunja blanketi lake, akapita mezani kwangu, akasema, "Karatasi yako ni nzuri, Karisa. Mimi sina karatasi." Akaenda zake.

Mchanga ule niliumwaga, na tangu hapo nimekuwa babako unayemjua. Kila mahali nilipofanya kazi, toka Ganze hadi Malindi, walinipa jina la Mzee Rudia, kwa sababu nilirudia kila shimo. Nilikemea vijana walioacha ndoo wazi. Wewe ulipokuwa darasa la nne nilikukalisha hapo uani ukauchekecha mchanga pamoja nami, na siku niliyokukuta unauosha kwa maji ya mvua bila kuambiwa, nilikupa soda mbili na hukujua kwa nini. Watu walinisifu kwa ukali wangu, nami nilizipokea sifa zote. Hakuna aliyeuliza ukali ulianzia wapi.

Sasa kalvati. Uliyaona yote, lakini uliyaona ukiwa upande wako wa meza.

Tabaka la nne la lile tuta la udongo kando ya ukuta wa kalvati, malori matano yamepanga foleni na udongo wa tabaka la tano, na foromani anatembea nyuma yangu akitazama saa. Ameshaweka mawe matatu mahali pa kupima. Yote matatu katikati, kwenye njia ya rola. Miaka ishirini iliyopita ningemuuliza haya mawe yamewekwa na nani. Siku ile mgongo uliniuma, jua lilikuwa kali, na nilijiambia kwamba mimi ni Mzee Rudia, mimi nikipima pamepimika. Nikachimba penye mawe. Yakatoka majibu mazuri. Nikakuambia andika.

Ukasema, "Baba, kando ya ukuta hatujapima. Rola halifiki pale."

Nikakuambia wamepashindilia kwa ile mashine ndogo ya mkono. Ukauliza lini, kwa sababu mashine ile tangu asubuhi ilikuwa haina petroli. Ulikuwa umeiona. Mimi nilipita karibu nayo mara mbili na sikuiona. Nikakuambia tena andika, safari hii kwa ile sauti. Nawe ukaiweka kalamu juu ya fomu, ukaisogeza kidogo isianguke, ukasema bila kupandisha sauti, "Siandiki, baba. Tuchimbe pale kwanza."

Ungekuwa kijana wa watu, ningekasirika na kusahau. Lakini wewe umebeba jina la mama yangu mzazi, na kwetu mtoto wa namna hiyo babake humwita mama. Nimekuita mama tangu hujaota meno, mpaka saiti nzima imezoea. Wamezoea pia kunitania kwamba mpima udongo mzima, ambaye adui yake ni unyevu, amekwenda kumzaa Nyevu. Hayo nilicheka nao. Siku ile yule mzee wa kumwaga maji akasema kutoka kwenye kivuli, "Haya Karisa, mamako kashasema," na wote wakaangua kicheko, na foromani naye akacheka. Nikajiona mtoto aliyekemewa na mamake mbele ya watu. Nikachukua kalamu, nikaijaza fomu mwenyewe, nikatia sahihi, nikakuambia ukakae kwenye pikapu. Ukaenda. Hukubamiza hata mlango.

Kesho yake muda wako wa mafunzo pale ukaisha, na hukurudi tena saiti. Kwa hiyo yaliyofuata huyajui, na kosa la kutokujua ni langu.

Ijumaa nilikula vibaya. Jumamosi vilevile. Jumapili mlipokwenda kanisani nilisema kichwa kinaniuma, nikachukua vifaa nikaenda Jilore peke yangu. Tabaka la tano lilikuwa tayari juu. Nikachimba kando ya ukuta, pale uliponyoosha kidole, mpaka nikalifikia la nne. Unajua udongo ulioshikana vizuri unavyokuwa, unaombwa kwa patasi na nyundo. Nilitoa patasi, nikairudisha mfukoni. Kijiko kilitosha. Nilikaa pale chini nikijua jibu kabla ya kugusa mizani, lakini nilipima, na mchanga niliotumia ulikuwa umeoshwa na wewe. Haikufika hata tisini.

Nikuambie nilivyohisi? Niliona aibu, ndiyo. Lakini chini ya aibu kulikuwa na furaha, na ilinishangaza. Nilikaa kando ya shimo lile nikasema kwa sauti, hakuna mtu wa kunisikia, "Aliona." Mara mbili nilisema. Miaka yote hii nilikuwa nikijiuliza kama nilichokufundisha ni kazi au ni hofu yangu ya Ganze. Mtu mwenye hofu angeandika, mwanangu. Mimi niliyekuwa na hofu niliandika.

Jumatatu nilikwenda kwa injinia wetu, yule mama wa Mombasa asiyecheka. Nikamwekea fomu ya Alhamisi na majibu ya Jumapili upande kwa upande. Nikamwambia sahihi ni yangu na uongo ni wangu. Wakalifukua tuta kutoka kwenye ukuta hadi karibu na katikati, tabaka mbili, na foromani hasemi nami mpaka leo. Mimi nimesimamishwa kutia sahihi hadi nitakapofanyiwa mtihani upya. Ile likizo niliyowaambia nimepewa, ndiyo hiyo. Mamako nitamweleza leo akirudi na begi. Naomba usimtangulie.

Jambo jingine nililofanya ni kumtafuta Mutua. Ilinichukua siku nne na simu nyingi, kutoka dereva huyu hadi dereva yule, mpaka nikampata huko kwao Kibwezi, anafuga nyuki. Nikamweleza mchanga, chumvi, ndoo, na kunyamaza kwangu. Hakunikatiza. Kisha akasema kwamba yeye alijua siku zote hakukosa, hilo halikuwa tatizo lake. "Tatizo ni mama watoto," akasema. "Alijua nilifukuzwa kwa uvivu. Ngoja nikupe yeye." Akampa mkewe simu, na ikanibidi niseme yote upya kwa mwanamke nisiyemjua, neno kwa neno. Alisikiliza, akaniuliza swali moja tu: kwa nini sasa. Nikamwambia nina binti. Akasema haya, akakata.

Hawakusema wamenisamehe, nami sikuomba waseme. Nakuandikia hayo kwa sababu utafanya kazi miaka mingi kuliko mimi, na utakosea. Shimo moja utalipima vibaya, uchovu utakushika, foromani mmoja atakuwa mzuri wa maneno. Kukosea kwenyewe kulinichukua siku chache tu. Kunyamaza kulinichukua umri wako wote, na ndiko kulikonizeesha. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama sauti inatetemeka. Na kukiwa na mtu wa kando anayekwambia anasikia kwa kiti, simama umsikilize, maana mimi nilikuwa na kalamu tu na nikadhani nina akili.

Sasa nirudi kwenye lililokutoa machozi nyuma ya jikoni. Ulitokwa na machozi, nilijua kwa sauti yako.

Siku ile ya Jumatatu, injinia alipomaliza kusoma karatasi zangu, hakuniuliza juu yangu. Aliuliza nani aliyeona kando ya ukuta. Nikamwambia ni mwanafunzi aliyekuwa akijaza fomu. Akaniambia fomu imejazwa kwa mwandiko wangu. Nikamwambia ndiyo, kwa sababu yeye alikataa, na ni binti yangu, na nilimtoa pale kwa ukali. Akavua miwani, akasema, "Kuna bwawa bara, ukuta wake wote ni wa udongo, na chini yake wanakaa watu. Waandikaji wanao wengi. Jina lake kamili nani?"

Nikalitaja herufi kwa herufi. Sikuongeza neno. Sikukuombea, sikukusifu, sikusema una cheti wala huna. Akapiga simu mbele yangu, akawasimulia wale watu wa bwawa habari ya fomu, jinsi ilivyokuwa, pamoja na pikapu. Siku tano baadaye ndipo simu yako ikalia ukiwa unaanika nguo, nawe ukanitazama mimi, na mimi nikatazama pembeni, ukadhani unalolidhani.

Nilitazama pembeni kwa sababu macho yalikuwa yamejaa, Nyevu. Hilo tu.

Watu wa bwawa hawanijui mimi. Jina la Karisa kwao ni la yule mzee aliyetia sahihi palipokuwa palegevu, na wakikuuliza kama ni babako, usinifiche, sema ndiye. Wanakungoja wewe. Hakuna aliyekufukuza nyumbani kwako, mwanangu. Umeitwa, tena umeitwa kwa sababu ulinikatalia mimi.

Babako anayejivunia kukatazwa na wewe,
Karisa